Mpira wa Lenzi Uliomchelewesha Edah Kumpiga Mamake Picha

Jua la Kakamega bado halijashika kasi, na tayari Musa Swaibu ana tyubu tatu begani. Moja ni ya baiskeli, nyingine ya pikipiki, na ya tatu ni ya gari dogo, imezeeka na kupauka. Amekaa juu ya debe lililopinduliwa nje ya kibanda chake cha kuziba pancha, nyuma ya soko. Mbele yake amesimama mwanamke mwenye sweta ya kijani, ameshika kitu kilichofungwa ndani ya leso kwa mikono miwili.

"Lete mgonjwa tumwone," Musa anasema.

Edah Osundwa anaifungua leso. Ndani mna lenzi ya kamera, nyeusi, nzito, ya zamani, ya aina ambayo vijana wa siku hizi wangeiuliza inatumika wapi. Ile pete yake ya katikati, inayozungushwa kwa vidole ili picha itoke safi bila ukungu, iko uchi. Mpira ulioivika miaka na mikaka haupo. Kimebaki chuma kitupu kinachoteleza.

"Leo usipake kitu, Musa. Tafadhali. Ivalishe tu kama nguo."

"Mama Mitchel, mimi nilishakoma," Musa anajibu, akimwita kwa jina la mwanawe, na wote wawili wanacheka kidogo, kama watu waliokosana juzi wakapatana jana.

Edah ana miaka hamsini na minne. Ana chumba kidogo cha picha mjini, ambapo watu huja kupigwa za pasipoti na za kuombea kazi. Hizo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Lakini kilichomfanya ajulikane kuanzia Malava hadi Matungu ni kazi nyingine. Edah huwapiga picha wazee, majumbani kwao, wakiwa wamekaa kwenye viti vyao wenyewe.

Huitwa na watoto wao, mara nyingi kwa simu na kwa sauti ya chini. "Tunataka picha ya ukutani," humwambia.

"Hakuna mtu anasemanga ni picha ya matanga," Edah anaeleza. "Ukitamka hivyo wewe ni mchawi. Tunasema ya ukutani. Mzee mwenyewe anajua, watoto wanajua, mimi najua, na tunaendelea na chai."

Maana hivyo ndivyo mambo yalivyo. Siku ya mazishi picha hiyo ndiyo itakayosimamishwa kichwani pa jeneza. Ndiyo itakayochapwa kwenye fulana za wajukuu na kwenye bango la barabarani la kuelekeza wageni. Mtu akifa bila picha, jamaa huchukua kitambulisho chake, wakakikuza kile kipande cha uso mpaka kifike ukubwa wa dirisha. Edah ameziona nyingi za namna hiyo, na hawezi kuzizoea.

"Mama wa watu amelea watoto tisa, amezeeka vizuri, ana uso wake," anasema. "Halafu anazikwa na uso wa ile siku alipanga laini kwa chifu kutafuta kitambulisho. Macho yamemtoka kama mtu ameitwa polisi. Hiyo kitu inaniumanga sana."

Musa amekwisha kuchagua. Anaiweka ya baiskeli kando, anaitupa ya gari, anabaki na ya pikipiki. Anaikata kwa mkasi mkubwa kipande cha upana wa vidole viwili, kikawa kama bangili nyeusi, kisha anakiosha kwa sabuni kwenye karai lake la kutafutia matundu.

"Ya baiskeli ni nyembamba, itakaba," anasema. "Ya gari italegea. Hii ni ya gurudumu la nyuma la boda. Imebeba magunia."

Edah anatazama mikono ya Musa tu.

Ili mtu aelewe kwa nini mwanamke mzima asimame nje ya kibanda cha pancha asubuhi yote roho mkononi kwa ajili ya kipande cha mpira, inafaa ajue Edah anavyofanya kazi.

Lenzi hiyo aliachiwa na Erastus, mwenye studio aliyemwajiri akiwa msichana, siku mzee huyo alipofunga biashara. Miaka ya kwanza Edah aliitumia kama kila mpiga picha: jicho kwenye kamera, vidole kwenye pete. Ndipo akaenda kwa Mzee Osiako, Malava. Mzee alikuwa msimuliaji hodari, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. Lakini kila Edah alipoinua kamera usoni, mzee aliivuta taya, akatoa kifua, akakodoa macho. Akiishusha, mzee anarudi. Akiiinua, mzee anatoweka.

"Nilishinda pale mpaka ng'ombe wakarudi," Edah anakumbuka. "Nikajiuliza, si ni mimi nimejificha? Mtu anaongea na wewe, halafu ghafla unaweka chuma mahali uso ulikuwa. Hata wewe ungeshtuka."

Akabuni njia yake. Alitandika leso chini, kutoka magotini pa mzee hadi magotini pake mwenyewe. Akaizungusha pete mpaka picha ikawa safi kwa umbali huo wa leso moja. Kisha akachukua wembe, akachanja alama ndogo kwenye mpira wa lenzi, pale hasa dole gumba lake linapokaa.

Tangu siku hiyo hahitaji kuchungulia. Hutandika leso, hulitafuta lile pengo kwa dole gumba, huishika kamera kifuani na kuzungumza na mtu wake uso kwa uso. Akiona mzee amekuwa yeye mwenyewe, anabonyeza. Wazee wengi hawajui ni saa ngapi wamepigwa.

Kwa hiyo mpira ulipopotea, alama ilipotea nao.

Ulikuwa umezeeka. Ulivimba, ukalegea kama soksi iliyokatika lastiki, na Edah alikuwa akiahidi kila mwezi kuutafutia dawa. Kisha siku moja, akitoka Matungu kwa boda kupitia katikati ya mashamba ya miwa, begi lilifunguka zipu. Alipofika Mumias akaona pete iko uchi. Alirudi njia nzima kwa miguu akiinamisha kichwa, lakini wapi! Trekta za kubeba miwa zilikuwa zimekwisha kupita, udongo umechimbuka, na mpira mweusi kwenye tope jeusi hauonekani.

Jumapili iliyofuata, mama yake akapiga simu.

Bi. Ayuma anaishi nje kidogo ya Malava, katika boma lake, pamoja na mwanawe wa mwisho na mkaza mwanawe, Cindy. Ni mwembamba, mkali wa ulimi, na kwa miaka yote hiyo ndiye mzee mmoja aliyekataa katakata kupigwa picha na Edah. Binti akitoa kamera, mama anaingia jikoni. "Mimi si wa ukutani," humwambia. "Wapige wale wanaharakisha."

Siku hiyo alitumia simu ya Cindy. Hakusalimia sana.

"Kuja na hiyo kitu yako," alisema. "Kuja na ile leso pia."

Edah alikuwa amesimama nje ya chumba chake cha picha. Anasema alikaa kwenye ngazi.

Hakuna daktari aliyesema lolote la kutisha. Miguu ya mama huvimba jioni, na obusuma, ugali wa nyumbani, amepunguza mpaka matonge mawili matatu. Lakini Cindy alikuwa amemweleza wifi yake mambo mengine kimyakimya. Mama amempa jirani vitenge vyake viwili. Mama amemwita Cindy akamkabidhi chungu cha kupikia mboga, kile ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

"Nilijua," Edah anasema. "Mama yangu hajawahi kuniomba picha. Akiita kamera, ameshaamua kitu ndani yake. Na mimi ndio natakiwa kubonyeza."

Akajibu la kwanza lililomjia mdomoni: mpira wa lenzi umepotea, mama. Nikipata mwingine nitakuja.

Bi. Ayuma akauliza, "Kwani kamera inaonanga na mpira, ama na jicho?"

Lilikuwa swali zuri. Cindy naye akalitia makali siku chache baadaye: "Wifi, si uko na ile lenzi ya kupiga pasipoti? Hiyo ikona nini?" Haikuwa na kasoro. Ni nzima, mpya kuliko hii, na inajitafutia yenyewe picha safi. Edah akasema ile ni ya pasipoti, akabadilisha mazungumzo yakaenda kwa bei ya mahindi.

Alikwenda kwa Musa. Mara ya kwanza walijaribu tyubu ya baiskeli. Iliingia kwa shida, ikakaza mpaka pete ikawa haizunguki ila kwa kuuma meno, na baada ya siku mbili ikajikunja pembeni. Mara ya pili Musa, kwa nia njema kabisa ya mtu aliyeishi kwa kuziba pancha, akaikwangua ile pete kidogo, akachovya kidole kwenye solusheni, ile gundi ya pancha, akaipaka ili mpira usitoke tena maisha yake yote. Na kweli haukutoka. Gundi ilipenya chini ya pete, ikakauka, lenzi ikagoma kabisa.

Edah alimfokea mbele ya wateja. Musa akaomba radhi kwa jina la Mungu mara kadhaa, akiwa ameshika kifua.

Haya ndiyo watu wa soko wanayoyajua. Lakini Edah ana mengine, na anayasema akiwa amegeuka upande.

"Nilimwona akifungua kile kimkebe," anasema. "Miaka hii yote na lenzi, mimi ndiye najua gundi haifai karibu na pete. Maneno yalikuwa hapa." Anagusa koo. "Nikajitia hamnazo. Nikaangalia watu wakipita. Halafu nikamgombeza mtu wa watu bure. Nikapanda boda kwenda nyumbani, na unajua nilikuwa nasikia nini ndani? Nafuu. Nilisikia nafuu, kwa sababu sasa lenzi imekufa na siwezi kwenda Malava."

Musa, anayesikia yote haya akiwa ameinamia karai, hainui kichwa. "Tulishayamaliza hayo, Mama Mitchel," anasema tu.

Lakini visingizio havichagui mtu. Edah asingeweza kumwambia mama yake lenzi imeharibika, kisha aonekane nyumba za watu wengine akipiga picha. Kwa hiyo aliahirisha wote. Mumias akawaambia wangoje. Matungu, kwa Wanzala, mkulima wa miwa ambaye mama yake alikuwa mgonjwa kitandani, akamwambia pia: nikipata mpira.

Mama yake Wanzala hakungoja.

Edah alikwenda mazishini Jumamosi kama mwombolezaji, mikono mitupu. Kichwani pa jeneza palikuwa na ile picha. Ya kitambulisho. Imekuzwa hadi uso ukawa vidoti vidoti, macho yamekodolewa, kitambaa kimevuliwa kichwani jinsi wapiga picha za vitambulisho wanavyoamrisha. Wajukuu walikuwa wameivaa kifuani, wote, wakubwa kwa wadogo. Anasema alijaribu kutazama kwingine, na kila alipogeuka alikutana na uso ule kwenye fulana ya mtu.

Watu walipoitwa kupiga picha na jeneza, kundi baada ya kundi, watoto kwanza, kisha wakwe, kisha majirani, Wanzala alimpitia pale alipokuwa amesimama. Hakuwa na hasira.

"Tulikungoja, Mama Mitchel," alimwambia, akaenda kusimama na ndugu zake.

Hapa Edah anapangusa macho kwa pembe ya leso bila haya. Alirudi nyumbani kabla giza halijaingia, akatandika gazeti mezani, akachukua pamba na tone la petroli, akaanza kuikwangua ile gundi kidogo kidogo. Ilimchukua jioni kadhaa. Pete ilipozunguka tena, hakufurahi. Alijua tu kwamba sasa hana tena pa kujificha.

Ndiyo maana leo yuko hapa.

Musa amechukua vijiko viwili vya chai, akageuza mishikio. Anaupanua ule mpira kidogo, anaupachika upande mmoja wa lenzi, kisha anauzungusha taratibu kwa mishikio ya vijiko, sawasawa na mtu anayerudisha tairi kwenye rimu. Mpira unalia, unateleza, unakaa. Anaupapasa kwa dole gumba pande zote kuhakikisha haukujikunja, kisha anampa mwenyewe lenzi.

Edah anaizungusha pete. Inakwenda. Inarudi. Haikabi wala hailegei.

"Wallahi, imekuwa kama imezaliwa nao," Musa anasema, na safari hii anajiruhusu kujivuna kidogo. Kisha sauti yake inashuka. "Sasa nenda kwa mama. Inshallah utamkuta salama."

Chumbani kwake, Edah anafunga mlango na kugeuza kibao cha nje. Anaegemeza gazeti kwenye kiti, anatandika leso kutoka kwenye kiti mpaka kwenye magoti yake, anapiga magoti. Anaizungusha pete huku akitazama kioo kidogo cha nyuma cha kamera, mpaka herufi za gazeti zinasimama moja moja. Hapo anaganda. Kwa mkono wa pili anachukua wembe na kuchanja mpira mpya mahali dole gumba lilipo. Pengo ni dogo, unaweza kulipita kwa macho usilione. Anafumba macho, anaizungusha pete ovyo, analitafuta kwa kidole, analipata. Anabonyeza. Herufi ziko safi.

Anarudia mpaka mkono unalizoea. Anasema mpira wa kwanza ulimchukua miaka kuuzoea, na sasa hana miaka.

Jumapili, baada ya kanisa, Bi. Ayuma amekaa mlangoni mwa nyumba yake, Malava. Amevaa sare ya akina mama wa kanisa, na kitambaa cheupe kimefungwa kichwani kwa nguvu. Cindy anasema ametoka kanisani akakataa kubadilisha nguo, akakataa chai, akaomba kiti kitolewe mahali penye mwanga.

"Umechelewa," anamwambia binti yake anapomsogelea.

"Ni mpira, mama."

"Umepona?"

"Umepona."

"Na wewe?"

Edah anainama kumshika mkono mama yake kwa mikono miwili. Kisha anapiga moyo konde, anaitandika leso kutoka magotini pa mama, anarudi nyuma mpaka inapoishia na kupiga magoti. Kamera iko kifuani. Dole gumba liko kwenye alama. Anaanza kuzungumza kama anavyozungumza na wazee wote, habari za mvua, habari za kanisa, nani amehubiri.

"Nini?" mama anauliza.

Edah anarudia kwa sauti.

"Nini?"

Masikio ya mama yamechoka, husikia tu mtu akiwa karibu au simu ikiwa sikioni. Edah anajua, kila mtu wa boma anajua, lakini hakulifikiria. Ameizoea leso yake kwa wazee wa watu wengine. Sasa kila anapopaza sauti, mama anaitoa shingo mbele, anakunja uso, anakaza macho kuisoma midomo ya mwanawe. Ni uso wa mtu anayehangaika kusikia. Edah anaishusha kamera. Hataki kumzika mama yake na uso huo.

Bi. Ayuma anamtazama, kisha anamaliza mambo mwenyewe. Anainama kwa taabu, anashika pindo la leso lililo miguuni pake na kulivuta. Anaikunja leso katikati.

"Kuja hapa," anasema. "Huko mbali unaongea na nani?"

Edah anasogea mpaka magoti yake yanakaribia ya mama. Sasa wanasikizana. Lakini alama aliyoichanja kwa taabu haifai kitu: ni ya leso nzima, na kwa nusu leso uso wa mama utatoka ukungu mtupu. Angeweza kuiinua kamera machoni, achungulie, azungushe, amalize. Ndivyo kila mpiga picha angefanya. Anaiinua nusu, na mama anaanza kukaza taya.

Anaishusha.

"Cindy, niletee begi," anasema.

Anatoa wembe. Anamwomba mama atulie kidogo, anatazama kioo cha nyuma, anazungusha pete taratibu mpaka nyuzi za pindo la kitambaa cheupe zinaonekana. Kisha, magoti kwa magoti, anauweka wembe juu ya mpira mpya.

"Unakata nini?" mama anauliza.

"Nakata mahali pako."

"Na wale wengine?"

"Wako na yao."

Bi. Ayuma anafikiri. "Basi kata vizuri," anasema.

Alama inakatwa. Edah anaiteremsha kamera kifuani, dole gumba linapapasa mpira, linaipita alama ya kwanza, linaingia kwenye ya pili. Anainua uso. Hakuna kitu kati yake na mama yake sasa.

"Unaogopa?" mama anauliza.

"Ndiyo, mama."

"Hata mimi. Nilikuwa naogopa peke yangu hapa ndani. Ndio nikakuita."

Edah anauma mdomo. Cindy, aliyesimama pembeni ya nyumba, anageuza uso ukutani.

"Utalia?" mama anauliza.

"Silii."

"Muongo wewe. Tangu utoto." Na hapo Bi. Ayuma anacheka, meno machache aliyobaki nayo yote nje, kichwa kimelala kidogo upande, macho yamemwangalia mwanawe moja kwa moja. Kamera inalia mlio wake mdogo. Machozi ya Edah yanadondoka juu ya mpira wa pikipiki, na anabonyeza tena, na tena, bila kuyafuta.

Mama hakujua amepigwa. Alikuwa bado anangoja aambiwe akae sawa.

Alipoonyeshwa picha kwenye kioo cha kamera, alikishika kwa mikono miwili na kukisogeza machoni, akakaa nacho mpaka Cindy akaanza kuwa na wasiwasi.

"Nimezeeka," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Sawa." Akarudisha kamera. "Nitolee ndogo. Nataka kuiangalia nizoee. Ile kubwa kaa nayo wewe."

Kisha akasema sasa anaweza kunywa chai.

Siku mbili baadaye, chumbani mjini, picha ndogo imekwisha kutoka. Edah ameiweka ndani ya bahasha, na Cindy ataipitia akija sokoni. Ile kubwa iko kwenye kompyuta, na Edah hajaigusa. Kwa kawaida hutoa zote wiki hiyohiyo, na fremu juu. Hii anaipita kila anapofungua mashine, kama mtu anayepita nje ya nyumba ya jamaa na kuona taa inawaka.

Simu zimeanza tena. Kesho yuko Mumias kwa wale aliowaahirisha. Keshokutwa atakwenda Matungu, kwa Wanzala, ambaye baba yake bado yupo. Hiyo hatatoza kitu, na ameshamwambia Wanzala asibishane. Atahitaji alama ya kwanza, ya leso nzima. Ya pili anasema hataitumia kwa mtu mwingine, hata akutane na kiziwi wa aina gani. Kwa huyo atachanja ya tatu, mpira una nafasi ya kutosha.

Anaichukua lenzi, anapitisha dole gumba juu ya mpira, taratibu, mpaka linapokwama.

Akiulizwa anatumaini nini baada ya haya yote, hataji lenzi mpya wala chumba kikubwa. Uso wake umeelekea kompyuta.

"Natumaini ile kubwa ikae humo ndani mpaka iharibike," Edah anasema. "Mpaka isifanane na yeye. Mpaka mama achukue ile ndogo yake siku moja aiangalie, apige simu, aseme hii si mimi, hapa nilikuwa bado kijana, kuja unipige ingine."